Ratiba ya Fedha: Kumwandalia Kijana Masomo ya Ng'ambo

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wazazi, walimu na wahitimu wa kidato cha sita

Nimewaona akina mama wakiingia na madaftari mikononi. Kalamu zitakuwa na kazi, maana leo tutahesabu.

Mimi ni mhasibu. Kwa miaka mingi wazazi wamekuwa wakinijia na swali lile lile: "Mwanangu amepata chuo nje. Inahitajika shilingi ngapi?" Swali ni la haki, na jibu lake lipo. Lakini nimeona familia zenye jibu hilo mkononi zikikwama, na nyingine zenye kipato kidogo zikafika. Waliofika walijiuliza swali la pili: shilingi hizo zinahitajika lini, na kila moja itatoka kwa nani? Kusudi la mhadhara huu ni kuwaonyesha kwamba bajeti ya masomo ya ng'ambo ni ratiba kabla ya kuwa jumla. Ina tarehe, na kila tarehe ina mlipaji wake. Asiyeijua ratiba anaweza kuwa na fedha yote na bado akakosa safari.

Nitatumia nchi moja kama mfano, nayo ni Ujerumani. Nimeichagua kwa sababu ndiyo inayosemwa zaidi vijiweni kwamba "kule kusoma ni bure". Pale inapobidi nitagusa Uingereza. Nina hoja tano.

Hoja ya kwanza: kutolipa ada si kusoma bure

Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, hata kwa mgeni. Lakini chukueni tahadhari mbili. Jimbo la Baden-Württemberg, lenye miji ya Stuttgart, Heidelberg na Freiburg, limekuwa likiwatoza wanafunzi wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilianza mwaka 2024 kuwatoza wanafunzi wapya wa nje ya Umoja huo kati ya euro 2,000 na 6,000 kwa muhula, kulingana na kozi. Kwa hiyo usiulize kuhusu nchi. Uliza kuhusu jimbo, chuo na kozi.

Hata pasipo na ada, kuna mchango wa muhula, ambao mara nyingi ni kati ya euro 100 na 400. Vyuo vingi hujumuisha humo usafiri wa mabasi na treni, kwa hiyo si fedha iliyopotea, ila bila kuilipa huandikishwi.

Kisha kuna kuishi. Serikali ya Ujerumani inamtaka mwanafunzi mgeni athibitishe kwamba ana fedha za kujikimu mwaka mzima. Tangu Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka. Njia inayotumiwa na wengi ni akaunti maalumu ambayo wenyewe huiita Sperrkonto: unaweka kiasi chote kabla ya viza, kisha kila mwezi unaruhusiwa kutoa sehemu yake tu.

Je, euro 992 zinatosha? Tuhesabu pamoja, kwa mfano wa mji wenye bei za kawaida. Chumba cha hosteli ya wanafunzi, euro 350. Bima ya afya, ambayo ni ya lazima, weka 145. Chakula cha kujipikia, 220. Simu, 20. Akiba ya mchango wa muhula, 50 kwa mwezi. Mchango wa redio na televisheni za umma, ambao hutozwa kwa kila makazi, 18. Nguo, vitabu na dharura ndogo, 50. Jumla ni euro 853, na zinabaki 139. Anaishi, ila hana pa kuchezea.

Sasa mhamishie kijana huyo Munich, ambako chumba cha kupanga kwa watu binafsi hupita euro 700. Andikeni 750 mahali pa 350. Jumla inakuwa 1,253, na kila mwezi anapungukiwa euro 261. Kozi inaweza kuwa ile ile na cheti chenye thamani ile ile, lakini mji mmoja unamtosha na mwingine unamfilisi. Vijana, nawaomba mchague mji kwa makini kama mnavyochagua chuo. Chemnitz au Magdeburg huenda hamjawahi kuisikia kwenye mpira, lakini ni miji ambayo mwanafunzi hupumua.

Hoja ya pili: kila fedha ina tarehe yake

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na kalenda yetu wenyewe. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Maombi mengi ya muhula wa baridi nchini Ujerumani, ule unaoanza Oktoba, hufungwa tarehe 15 Julai. Mnaona wenyewe: kijana anapopata matokeo, mlango unafungwa. Bado vyeti havijathibitishwa, bado miadi ya ubalozi, bado lugha. Kwa wengi safari itakuwa mwaka unaofuata. Wazazi wengi huuona mwaka huo kama hasara. Mimi naomba tuuone kama sehemu ya bajeti. Ni mwaka wa kukusanya fedha, kujifunza Kijerumani, na kuulizia kama cheti chake kinampeleka moja kwa moja chuoni au kinamtaka apitie kwanza mwaka wa maandalizi uitwao Studienkolleg. Mwaka huo wa maandalizi nao una chakula na kodi yake. Ukiutambua ukiwa tayari umefika kule, umeongeza mwaka mzima ambao haukuwa kwenye hesabu.

Tarehe ya kwanza ya kulipa ni ya maombi. Vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia ofisi ya pamoja iitwayo uni-assist, ambayo hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza la muhula na euro 30 kwa kila ombi linaloongezeka. Hapo jumlisha mtihani wa lugha, nakala zilizothibitishwa na tafsiri za vyeti. Fedha hizi hazirudi hata ukikataliwa.

Tarehe ya pili ni ya viza. Ada yake ni euro 75, kiasi kidogo, lakini nyuma yake imesimama ile akaunti ya euro 11,904, ambayo lazima iwe imejaa. Nasema imejaa. Fedha inapotoka hapa kwenda kule, benki ya hapa hukata chake, benki ya katikati inaweza kukata chake, na mwenye akaunti ana gharama zake za kuifungua. Ukituma euro 11,904 kamili, zinaweza kufika pungufu. Na pungufu ya euro 10 ni pungufu: cheti cha uthibitisho kinasubiri, miadi ya ubalozi inapita. Tuma na ziada ya kufidia makato, mara moja, na mapema.

Tarehe ya tatu ndiyo inayowaliza watu, nayo ni mwezi wa kwanza baada ya kufika. Kijana ametua. Ana fedha ya mwaka mzima kwa jina lake. Ili aanze kuitoa, kwa kawaida anahitaji akaunti ya kawaida ya benki ya kupokelea. Benki nyingi humtaka aonyeshe kwamba amejiandikisha anwani kwa manispaa. Kujiandikisha kunahitaji awe na chumba na barua ya mwenye nyumba. Na chumba kinahitaji kodi na dhamana, yaani fedha taslimu. Fundo limejifunga: fedha ipo lakini haikamatiki.

Tuandike mwezi huo. Kodi, euro 350. Dhamana ya chumba, tuseme miezi miwili, 700. Mchango wa muhula, 300. Chakula, 220. Shuka, sufuria na koti la baridi, 250. Jumla ni euro 1,820. Kwa hiyo pamoja na ile akaunti, kijana asafiri na euro 1,800 hadi 2,000 anazoweza kuzifikia mwenyewe, mbali na tiketi ya ndege. Kwa upande wa dhamana, sheria ya Ujerumani inamruhusu mpangaji kuilipa kwa awamu tatu za kila mwezi, na dhamana haitakiwi kuzidi kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za huduma. Kijana anayeijua haki hiyo anapata nafuu katika mwezi ule mgumu kuliko yote.

Mwenye ndugu kule anaweza kuanzia kwake. Ni heri. Lakini mnajua wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakikisheni pia mapema kama mwenyeji anaweza kumwandikia ile barua ya makazi, maana malazi bila barua hayafungui fundo.

Kwa Uingereza ratiba ni nyingine, na uzito wake umekaa mbele zaidi. Kule ada ya chuo ipo na ni kubwa. Mwombaji hutakiwa aonyeshe fedha za kujikimu zilizokaa benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, kwa hiyo fedha ya kuazima wikiendi haisaidii. Na mchango wa huduma ya afya, ambao tangu Februari 2024 ni paundi 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, hulipwa wote kwa muda wote wa viza kabla viza haijatoka. Kwa kozi ya uzamili ya mwaka mmoja, kwa kuwa viza huongezewa miezi baada ya masomo, kwa kawaida hufika paundi 1,164. Ujerumani bima hulipwa mwezi kwa mwezi. Uingereza hulipwa kwa mkupuo. Mtu aliyeandika jumla peke yake hataiona tofauti hiyo, ila mfuko wake utaiona.

Hoja ya tatu: shilingi haisimami mahali pamoja

Tunakusanya kwa shilingi na tunalipa kwa euro. Kati ya siku ya kuchanga na siku ya kulipa kuna bei ya fedha, na bei hiyo haimwulizi mzazi.

Chukueni hesabu ya mfano. Euro moja ikiwa shilingi 2,900, akaunti ya Ujerumani ni shilingi 34,521,600. Euro ikipanda kufika 3,100, akaunti ile ile inakuwa shilingi 36,902,400. Zimeongezeka shilingi 2,380,800 bila kijana kula hata mkate. Majirani zetu wa Kenya wanalijua hili. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia mwisho wa Machi mwaka huo huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Wanafunzi wawili waliolipa dola sawa, mmoja Januari na mwingine Machi, hawakulipa shilingi sawa kabisa. Nigeria iliumia zaidi: naira iliporomoka tangu katikati ya 2023, na mwaka uliofuata kukawa na wanafunzi wa Kinigeria kaskazini mwa Uingereza walioondolewa masomoni kwa sababu ada iliyokuwa inalipika nyumbani ilikuwa haikamatiki tena.

Hatuwezi kuitawala bei ya fedha, lakini tunaweza kupunguza madhara yake kwetu. Kwanza, ongezeni asilimia 10 juu ya kila kiasi cha fedha ya kigeni mnachokiandika. Pili, kama mnakusanya kwa mwaka mzima, nunueni euro kidogo kidogo kila miezi michache badala ya kungoja wiki ya mwisho, na muiweke katika akaunti ya fedha za kigeni, ambayo benki zetu zinazo. Tatu, mkopo wa kumsomesha kijana usiwe na muda mfupi. Mkopo wa miezi 12 kwa kozi ya miaka mitatu utamfikia mzazi wakati kijana bado hajakamilisha hata nusu.

Hoja ya nne: kibarua ni cha kujazia

Vijana, sasa nasema nanyi. Ujerumani inamruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa Machi 2024. Tangu Januari 2026 kima cha chini cha mshahara ni euro 13.90 kwa saa. Ukifanya saa 10 kwa wiki utapata karibu euro 600 kwa mwezi. Ni fedha ya maana, na ni ya heshima. Mtu hutiwa adabu njema na ghala, na jiko la mgahawa, na meza ya maktaba.

Lakini angalieni mahali inapoingia katika ratiba. Haiingii mwezi wa kwanza, wala mara nyingi wa pili wala wa tatu. Lugha bado, anwani bado, na waajiri wengi wadogo wanataka Kijerumani. Pia hukatika wakati wa mitihani. Kwa hiyo nawaomba muiandike kuanzia mwezi wa saba, na muiandikie kazi ndogo: kuongeza akiba ya mwaka wa pili, kununua kompyuta, kujaza lile pengo la Munich kama hamkunisikia nilipoisema. Bajeti inayosema "kodi nitalipa kwa kibarua" imejengwa juu ya mshahara ambao haujapatikana. Mwenye bajeti hiyo ataongeza saa za kazi, atapunguza saa za vitabu, ataanguka mitihani, muhula utaongezeka, na kila muhula unaoongezeka ni kodi, bima na chakula cha miezi sita.

Hoja ya tano: kila mzigo na mbebaji wake

Septemba 1959 ndege ilitoka Nairobi na wanafunzi 81 kwenda Marekani, katika mpango ulioongozwa na Tom Mboya. Mwaka uliofuata mpango huo uliendelea kwa msaada wa dola 100,000 kutoka taasisi ya familia ya Kennedy, na miongoni mwa walioondoka 1960 alikuwamo Wangari Maathai. Tunapenda kuisimulia habari hiyo kama habari ya ujasiri, na ndivyo ilivyo. Mimi naisoma pia kama mhasibu. Ndege ililipiwa na michango ya Wamarekani. Vyuo vilitoa ufadhili. Familia na vijiji vilichanga ili kijana awe na cha kuanzia. Mizigo iligawanywa. Usione vyaelea, vimeundwa.

Sisi tunajua kuchanga. Mji huu unaunda kamati ya harusi kwa wiki moja: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, orodha ya ahadi na tarehe ya mwisho. Kwa nini kijana anayekwenda miaka mitatu aagwe kwa sherehe moja na bahasha zisizoandikwa? Naomba kamati ile ile, daftari lile lile. Lakini ahadi ziandikwe kwa kazi: shangazi analipa tiketi, baba mdogo analipa bima ya miezi sita ya kwanza, kaka aliye Muscat anachukua dhamana ya chumba, baba na mama wanabeba akaunti.

Na hapo msiusahau mwaka wa pili. Kibali cha kukaa kule kina mwisho, na kukiongeza muda kunahitaji kijana athibitishe upya kwamba ana fedha za kujikimu. Michango mingi hukusanywa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Miezi kumi baadaye simu inapigwa kutoka kule, na nyumbani kila mtu anasema, "Si tulishachanga?" Ikiwa mnaweza kukusanya mwaka mmoja tu, basi kaeni tena. Mnaweza kumpeleka chuo hapa nyumbani kwa shahada ya kwanza, kisha aombe ufadhili wa shahada ya pili. Shirika la DAAD la Ujerumani, lenye ofisi Nairobi tangu 1973, huelekeza sehemu kubwa ya ufadhili wake kwa waliokwisha kuhitimu shahada ya kwanza. Kuchelewa miaka mitatu na kufika ukiwa umelipiwa ni mpango kamili, wala hakuna aibu ndani yake.

Liko jambo jingine, na nalisema kwa mapenzi. Baadhi ya familia humhesabu kijana kama aliyekwisha kufika. Mwezi wa nne anaombwa ada ya mdogo wake, mwezi wa sita bati la nyumba. Kijana wetu ana heshima, hasemi hapana. Anapunguza chakula. Kubalianeni kabla hajaondoka: hatatuma fedha hadi amalize, au hatatuma kabisa mwaka wa kwanza. Baba alitamke mwenyewe mbele ya ukoo wote, ili mtoto asilazimike kulisema peke yake akiwa mbali.

Mabibi na mabwana, tufanye nini kuanzia hapa? Nina mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa shule. Kila shule yenye kidato cha tano na cha sita iwe na saa moja kwa muhula ambapo mwalimu wa hesabu anawafundisha wanafunzi kuandika ratiba kama hii tuliyoandika leo, yenye safu nne: kitu, kiasi, tarehe, mlipaji. Kijana aanze kuijua akiwa kidato cha tano, wakati bado kuna miaka miwili ya kuweka akiba.

La pili ni kwa vijana wetu walioko huko sasa, Berlin, Birmingham, Pune, Guangzhou. Kila Desemba watuandikie bei za kweli: chumba, chakula, bima, na jambo moja walilolipa bila kulitarajia. Barua moja ya ukurasa mmoja kutoka kwa mwenzao itamsaidia mtoto wa Tanga kuliko kijitabu cha rangi cha wakala, kwa maana wakala mara nyingi hulipwa na chuo kwa kila kichwa anachokipeleka. Muulizeni wakala waziwazi nani anamlipa.

La tatu ni kwa vyama vyetu vya kuweka na kukopa. Pimeni kama mnaweza kuwa na akiba maalumu ya masomo inayoanza mtoto akiwa kidato cha kwanza. Shilingi 200,000 kwa mwezi kwa miaka sita ni shilingi 14,400,000 kabla ya faida yoyote. Haijazi akaunti ya Ujerumani, lakini ni zaidi ya theluthi yake, na imekusanywa bila mkopo.

Mwakani matokeo yatatoka tena Julai. Watakuwapo vijana wenye alama nzuri na hamu ya kwenda mbali kusoma. Nataka wazazi wao wawe wamekwisha kukaa na daftari lenye zile safu nne zilizojazwa, na pale ambapo safu ya mlipaji iko tupu, wawe wameliona pengo hilo wakiwa na mwaka mzima wa kulijaza. Kazi hiyo inaweza kuanza wiki hii, na wenye madaftari tayari wameianza.